Mwanangu, hiyo elfu tatu yatosha

Assalaam aleikum mwanangu, ile meseji yako ndefu ya juzi usiku nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza sikuwa na miwani. Wasema umeanza jimu, kocha kakwambia ule protini gramu 200 kwa siku, na shilingi elfu tatu unayotenga ya chakula cha wiki ikifika Alhamisi ishakwisha, sasa wauliza mama nifanyeje.

Kwanza hiyo 200 mi siikubali. We una kilo 70. Mtu wa kawaida hesabu yake ni kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, yaani 56 tu, na anayenyanyua vyuma wengi wanampa kama 1.6, piga mwenyewe utapata 112. Hizo karibu 90 za juu ndo zinazokumalizia pesa. Na lile kopo la poda ulilonipigia picha, babangu, limekula zaidi ya nusu ya pesa ya wiki halafu walalamika kuku ghali!

Mi nimeendesha nyumba ya watu wanane, bei ya kilo peke yake hainidanganyi, naangalia ndani ya ile kilo nakula nini. Kuku wa pale kwa chipsi wanunua mfupa na mafuta ya mtu. Samaki mzima naye, ukitoa kichwa, miba na matumbo (ya huku paka washayangoja mlangoni) nyama yabaki kama nusu. Lakini pojo, hizo ndengu, haina mfupa. Kilo ya pojo kavu ina protini kama gramu 240, haiozi, haitaki friji, na we friji huna.

Jana nimekaa na dadako tukakuandikia wiki nzima. Trei moja ya mayai, 30, kila yai gramu 6 hivi, hiyo 180. Pojo kilo, 240. Mbaazi nusu kilo, mia na kidogo. Maziwa nusu lita kila siku, gramu 16 kwa siku, kwa wiki 112. Samaki mzima kilo moja, weka 100. Karanga robo, 60. Jumla inakuja kama 800 na we wahitaji 784, ile 112 mara siku saba, na hapo sijahesabu ya kwenye chapati na wali, nayo ipo. Kwa bei za dukani kwetu haikufika elfu mbili, na huku vitu vingi vyavushwa na mashua kutoka Mokowe kule bara, kwa hiyo za huko kwako Malindi andika mwenyewe uone, inayobaki ni ya unga, mchele, nazi na mboga.

Ila usije ukafanya kosa la dadako, alisoma kwa simu kwamba mbaazi gramu mia zina protini 21 akajipakulia gramu mia ZILIZOPIKWA akidhani kamaliza. Ile ni hesabu ya kavu, zikishaiva zimekunywa maji, ukipima zilizoiva hupati hata nusu yake. Pima kabla ya kuroweka, pika sufuria moja ya siku mbili, na jioni ichemshe tena kwa joto hilo la Malindi, ikilala bila kuchemshwa asubuhi ishachacha. Tui zito lisiwe kila siku, tui ni mafuta, si protini.

Samaki usimpangie siku. Saa hii upepo wa kusi wavuma, bahari imechafuka, wenye vidau hawatoki nje ya mwamba na fungu la samaki tasi limepanda bei, sasa wiki kama hii zidisha mayai basi. Upepo wa kaskazi ukiingia bahari ikatulia utageuza, samaki watakuwa wengi, pojo ipumzike kidogo. Na nenda jioni wakati wachuuzi wanataka kwenda zao, wala usione haya kuomba wakupunguzie, babako alikuwa haoni haya.

Nimekukaushia ng'onda, samaki wa chumvi, wamo sita, Jumamosi nampa utingo wa basi. Waroweke usiku kucha umwage maji, wana chumvi sana hao. Na mkebe wangu mwekundu uurudishe, ule wa mwaka jana mpaka leo sijauona.

Mamako