Uliza Ujibiwe: Merikani ya nyanya

SWALI: Assalaam aleikum mwalimu. Juzi tulikuwa twatoa vitu kwa sanduku la nyanya hapa Kisauni tukapata kipande cha kitambaa kizito, rangi yake kama tui, nyanya akasema hiyo ni merikani, zamani ndiyo waliyokuwa wakishonea magodoro ya sufi. Nikamuuliza kwani ilitoka Marekani kweli, akacheka tu. Nisaidie.
Mjukuu, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, na tafadhali hicho kitambaa usikitupe. Ndiyo, jina limetoka huko huko, na ukilifuata litakurudisha hadi wakati ile nchi ingali changa, haina hata miaka hamsini tangu ijitoe kwa Mwingereza.

Walitangaza uhuru 1776, Mwingereza akaja kukubali 1783. Watu hudhani baada ya hapo ilikuwa raha tupu, la. Zamani meli zao zilikuwa zikipeleka samaki na mbao kwa visiwa vya sukari vya Waingereza kule Karibi, sasa washakuwa wageni na mlango wafungiwa, miji kama Salem na Boston ina meli, ina mabaharia, na biashara imekatika. Ndio wakaanza kuzunguka Afrika kutafuta soko, 1784 meli moja ya New York ikaenda hadi Canton kule Uchina, na baadaye wengine wakaizoea bahari yetu hii. Ni shida iliyowaleta.

Sasa njoo kwa pamba yenyewe. Kama umewahi kuchambua sufi kwa mkono ukitoa zile mbegu nyeusi unajua kazi yake, na sufi ni afadhali, manake mbegu ya pamba ya kule imeng'ang'ania nyuzi haitoki. Mwaka 1793 Eli Whitney akatengeneza mashine ya kuitoa. Ungedhani watumwa watapumzika, kumbe ikawa kinyume, pamba ilivyoanza kulipa wenye mashamba wakataka ardhi zaidi na mikono zaidi. Sensa ya kwanza, 1790, watumwa walikuwa karibu 700,000, kufika 1860 ni karibu 4,000,000, na kumbuka kuingiza watumwa kutoka nje kulikatazwa tangu 1808, kwa hivyo hao wengi ni waliozaliwa utumwani na kuuzwa huko huko ndani, mama jimbo hili na mtoto jimbo lile.

Pamba ikapanda kaskazini kwa viwanda vya Massachusetts, kama vile vya Lowell, ambako wasichana wa mashambani walisimama kwa mitambo kutwa nzima wakifuma shuka nzito, ngumu, haijapaushwa. Ndiyo hiyo uliyoshika. Watu wa Salem wakaileta Unguja wakachukua pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa serikali ya Marekani, akatia saini mkataba na Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja, kule Muscat, ushuru asilimia 5 kwa mzigo unaoshushwa. Balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters wa Salem, akafika Unguja 1837, mwaka ule ule Sayyid aliowang'oa Wamazrui, waliokuwa wakitawala hapa Mombasa.

Ikapendwa sana manake ilikuwa imara, hata misafara ya bara ikawa yaenda na majora ya merikani kama pesa, unanunulia chakula, unalipia njia, unanunulia pembe. Na hapa ndipo panaponiuma mimi: nguo ilianzia kwa mikono ya watumwa kule, na huku ikanunuliwa kwa pembe zilizobebwa mabegani kutoka bara, na wengi waliozibeba nao pia walikuwa watumwa.

Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vikakata mzigo, nguo za India na Uingereza zikajaza nafasi, lakini jina halikubadilika. Kwa hivyo kipande cha nyanyako huenda hakijaiona Marekani hata siku moja. Muulize alikinunua wapi, uniandikie tena.

SWALI: Ati meli ya Sayyid Said ilifika New York?
Msomaji, Mji wa Kale

JIBU: Ilifika, tarehe 30 Aprili 1840, yaitwa Sultana, na aliyeiongoza biashara yake ni Ahmad bin Naaman, ambaye msanii Edward Mooney alimchora picha na kilemba chake. Walipeleka tende, kahawa, pembe na karafuu, wakarudi na merikani. Sayyid alikuwa amempelekea Rais Martin Van Buren zawadi, wakiwemo farasi wawili wa Kiarabu, lakini rais hakuweza kuwachukua awe nao, manake katiba yao ya 1787 yakataza kiongozi kupokea zawadi ya mfalme wa nje bila idhini ya Bunge. Bunge likaamua zawadi ziuzwe, pesa ziingie hazina ya serikali. Mimi hilo nalipenda kweli kweli, ningetaka hata kwetu lifuatwe hivyo. Ila katiba hiyo hiyo, wakati wa kugawa viti vya Bunge, ilihesabu watumwa watano kama watu watatu.