Maswali na majibu: Usisikilize mkia wa jina, soma baiti

Maswali ya safari hii ni ya mafaili ya picha ambayo simu yako haiyajui: PCX, TGA, Sun raster na ndugu zao. Ninapotaja namba ya baiti, nahesabu kuanzia 0.

Nimeandika kisomaji cha PCX kwa Python. Picha moja inatoka sawa, nyingine inalala upande kama mnazi wa ufukweni. Kosa liko wapi? (Msomaji, Sinza)

Umechukua upana wa picha ukadhani ndio urefu wa mstari ndani ya faili. Hayo ni mambo mawili.

Kichwa cha PCX, yaani sehemu ya mwanzo yenye maelezo ya picha, kina baiti 128. Kuanzia baiti ya 4 hadi ya 11 utakuta xmin, ymin, xmax na ymax, kila moja baiti mbili, ndogo ikitangulia. Upana ni xmax kutoa xmin, jumlisha 1, na hiyo 1 ndiyo wengi wenu mnaisahau. Lakini idadi ya baiti za kila mstari imeandikwa kwingine, kwenye baiti ya 66 na 67, nayo inatakiwa iwe shufwa. Picha ya upana wa pikseli 333 huhifadhiwa kwa baiti 334 kila mstari. Ukikata kwa 333, mstari wa pili unasogea pikseli 1, wa mia unasogea 99, na huo ndio mnazi wako. Ile iliyotoka sawa ilikuwa na upana wa shufwa. Ilikuwa bahati tu.

Sasa mgandamizo. Baiti ikiwa 192 au zaidi, biti zake sita za chini ni idadi, na baiti inayofuata ndiyo ya kurudiwa. Ikiwa chini ya 192, inasimama yenyewe mara moja. Kanuni inataka marudio yakome mwisho wa mstari, ila zipo programu za zamani zisizojali hilo. Kwa hiyo fungua data yote kwenye bafa moja, yaani eneo moja la kumbukumbu (baiti za mstari, mara idadi ya tabaka za rangi, mara urefu wa picha), halafu ndipo ukate mistari. Anayefungua mstari mmoja mmoja ataangushwa na faili la kwanza la kihuni.

Idadi ya tabaka iko baiti ya 65. Ikiwa 3, na pikseli ni biti 8, kila mstari unabeba nyekundu yote, kisha kijani yote, kisha bluu yote. Ikiwa 1, paleti, yaani orodha ya rangi 256, imekaa mkiani mwa faili: rudi nyuma baiti 769, hakikisha ya kwanza ni 12, na 768 zinazobaki ndizo rangi. Usipoikuta 12, usilazimishe.

Picha yangu haifunguki, nisaidie haraka. (Msomaji, Tabata, na wenzake wengi)

Baiti 16 za mwanzo ziko wapi? Kwenye Linux andika `xxd faili | head -n 1`; kwenye PowerShell ya Windows ipo `Format-Hex`. Ukiona FF D8 FF hiyo ni JPEG, hata kama jina linaishia na .pcx. 89 50 4E 47 ni PNG. 50 4B ni zipu ambayo mtu amebadilisha jina akidhani amebadilisha faili. Na tafadhali, usinitumie sampuli kwa WhatsApp kama picha. Itabanwa upya kuwa JPEG na ushahidi wote utakuwa umefutika. Itume kama dokumenti. Picha ya kioo cha kompyuta iliyopigwa kwa simu siijibu kabisa.

Picha ya TGA inatoka kichwa chini miguu juu. (Msomaji, Ubungo)

Ni kawaida yake: TGA huanzia mstari wa chini. Angalia baiti ya 17. Thamani 0x20 isipokuwamo, geuza mistari. Na usitafute alama ya utambulisho mwanzoni mwa faili, haipo. Toleo la pili ndilo lililoongeza neno TRUEVISION-XFILE, nalo limewekwa mwishoni.

Tumerithi mafaili ya .ras ofisini. Nimefaulu kuyasoma, ila watu wote wana nyuso za bluu. (Msomaji, Mbagala)

Hizo ni Sun raster, na wewe umesoma nyekundu mahali pa bluu. Kichwa chake ni baiti 32, namba nane za biti 32, baiti kubwa ikitangulia:

`struct.unpack('>8I', f.read(32))`

Ya kwanza lazima iwe 0x59a66a95. Zinazofuata ni upana, urefu, kina cha biti, ukubwa wa data, aina, aina ya paleti na ukubwa wa paleti. Ukiwa na biti 24, tazama aina: 3 maana yake nyekundu-kijani-bluu, 1 na 2 ni bluu-kijani-nyekundu. Aina ya 2 pia imebanwa, na humo baiti 0x80 ndiyo kengele: ikifuatwa na 0, ni 0x80 moja halisi, ikifuatwa na n, rudia baiti ya tatu mara n+1.

Mitego miwili zaidi, hukuuliza lakini itakunasa. Mistari hujazwa ifikie kigawe cha biti 16, yaani ugonjwa uleule wa mnazi wa Sinza. Na paleti haiko kwa utatu kama ya PCX. Ni nyekundu zote, kijani zote, bluu zote.

Nasoma faili la miinuko S07E039.hgt. Kwa nini Kariakoo ina mita elfu tano? (Msomaji, Kijitonyama)

Umegeuza baiti. HGT haina kichwa kabisa: ni namba za biti 16 zenye alama ya hasi na chanya, kubwa ikitangulia. Mita 23 ni 0x0017. Ukiisoma kinyume inakuwa 0x1700, yaani 5,888, pungufu ya Kibo kwa mita 7 tu. Ubaya zaidi, alama ya pengo la data, -32768, ikigeuzwa inakuwa 128, namba inayofanana na kilima cha kweli, na hutaishtukia.

Faili la baiti 25,934,402 lina mistari 3,601 ya namba 3,601, kuanzia kaskazini kushuka. Jirani na Kariakoo, latitudo -6.82 na longitudo 39.28, ni mstari wa 2,952, safu ya 1,008: (2952 × 3601 + 1008) × 2 = 21,262,320. Ruka hadi hapo, soma baiti mbili. Faili likiwa baiti 2,884,802, weka 1,201 badala ya 3,601 na upige hesabu upya.

PPM ni rahisi, lakini picha chache zinaharibika rangi. (Msomaji, Temeke)

Kichwani, baada ya thamani ya juu kabisa ya rangi, mara nyingi 255, hufuata nafasi moja tu. Wewe unakula nafasi zote. Pikseli ya kwanza ikianza na 10 au 32 (namba za mstari mpya na nafasi), inamezwa na rangi zote zinasogea hatua moja. Na fungua kwa `'rb'`, yaani baiti ghafi, si maandishi. Kila mwezi narudia.

Tovuti yetu inapokea picha za wateja. Tuandike kisomaji chetu au tutumie maktaba? (Msomaji, Mwenge)

Maktaba. Pillow, maktaba ya picha ya Python, inasoma PCX, TGA, PPM na Sun raster bila wewe kutoka jasho. Andika chako ukiwa unajifunza, au kama fomati haina mwenyewe.

Lakini namba zilizo kichwani mwa faili ni madai ya mtu usiyemjua. Kwenye C, 65,536 × 65,536 kwa biti 32 ni 0: unaomba kumbukumbu ya baiti sifuri, kisha unamimina picha humo. Python haifuriki hivyo, ila itakula RAM ya seva yote. Pillow hutoa onyo picha ikizidi pikseli milioni 89 na kitu, na hukataa ikizidi mara mbili ya hapo. Wapo wanaoshauri `MAX_IMAGE_PIXELS = None` ili onyo liondoke. Msiwasikilize. Mteja anayeuza viatu mtandaoni hana sababu ya kuleta PCX, kwa hiyo funga mlango: `Image.open(f, formats=["JPEG", "PNG"])`.