Miezi mitano kabla ya chuo: anza na mada ulizoziruka

Daftari la mhadhara wangu wa kwanza wa hesabu chuoni ninalo mpaka leo. Ni kaunta buku ya kwaya tatu, mpya kabisa siku ile. Ukurasa wa kwanza una tarehe, jina la kozi, mistari mitatu ya hesabu, kisha mshale unaoelekea pasipo na kitu. Mshale ule niliuchora nikisubiri mhadhiri arudie. Hakurudia. Alishafuta ubao na kuendelea, na ukumbini tulikuwa watu zaidi ya mia tatu, kila mmoja ameinamisha kichwa kana kwamba yeye ameelewa.

Ilikuwa Novemba 2017. Nilikuwa nimetoka kidato cha sita na daraja la kwanza, PCM (fizikia, kemia na hesabu), nimechaguliwa kusoma uhandisi ujenzi Dar es Salaam. Kati ya mtihani wa mwisho mwezi Mei na siku ile nilikuwa na miezi zaidi ya mitano, na niliimaliza nikiuza dukani kwa mama mkubwa Morogoro, jioni nikilala mapema. Kusaidia nyumbani sijutii. Ninachojutia ni kwamba katika miezi yote hiyo sikufungua daftari hata mara moja, kwa sababu kila mtu aliniambia nimemaliza.

Sasa kila ikifika Mei wadogo zangu na watoto wa majirani huniuliza: dada, nisome nini kabla ya kwenda chuo? Wengi wanatarajia niwatajie kitabu cha mwaka wa kwanza. Mimi huwaambia waanze na mada walizoziruka A-level.

Tuseme ukweli, sote tuliruka. Mtihani wa hesabu wa kidato cha sita tulioufanya sisi, karatasi ya pili ilikuwa na sehemu ya kuchagua: maswali manne, unajibu mawili. Basi shule nzima inajipanga kwa hilo. Mwalimu anaona muda hautoshi, wanafunzi wanaona mada ngumu, mnakubaliana bila hata kusema kwamba ile mtaiacha. Kwetu tuliacha milinganyo tofautishi, ile inayoeleza kasi ya kitu kubadilika, tuliyozoea kuiita DE. Nilikariri hatua zake wiki ya mwisho, ikitokea tu. Mtihani ukapita, nikapasua, nikasahau. Cheti hakionyeshi ulichokiruka. Kinaonyesha alama tu, na alama yangu ilikuwa nzuri.

Chuo hakikuruhusu kuchagua. Kozi ya hesabu ya mwaka wa kwanza kwa mhandisi inachukulia kwamba kalkulasi yote ya A-level unayo kichwani. Mhadhiri anaipitia kwa wiki mbili kama mtu anayekumbusha, kisha anaanza kujenga juu yake. Mekanika inaitumia, umeme unaitumia, mwendo wa vimiminika unaitumia. Jaribio la kwanza nilipata 4 kati ya 15. Chuoni kwetu kazi za semista zilibeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60, kwa hiyo ukianza hivyo unaingia UE, yaani huo mtihani wa mwisho, ukiwa na mzigo, na neno sapu, yaani kurudia mtihani ulioufeli, linaanza kukutembelea usiku. Nilijikwamua, lakini kwa kukesha na madaftari ya kidato cha tano niliyoagiza yaletwe na basi kutoka Morogoro, huku wenzangu wakisoma vitu vipya. Kusoma cha zamani na kipya kwa wakati mmoja, tena ukiwa mgeni wa jiji, sitamani yampate mtu.

Mdogo wangu alipomaliza mwaka 2021, naye PCM, tulikaa mezani nikamwambia alete muhtasari wa masomo yake. Akapitia mada moja moja na kalamu nyekundu: hii naijua, hii nusu, hii niliruka. Ilimchukua saa mbili, na alikuwa mkweli kuliko nilivyotarajia. Mada za hesabu zilizobaki na alama nyekundu zilikuwa tatu, ya fizikia moja. Hizo nne tu ndizo zikawa kazi yake ya miezi mitano. Akanunua daftari moja kwa ajili yake. Alisoma saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja, kabla ya kufungua duka, kila mada wiki mbili au tatu, kisha anairudia kitabu kikiwa kimefungwa.

Nakumbuka siku alipoielewa DE, kwa sababu nilikuwepo. Alikuwa anaijua njia yake yote: tenganisha, fanya intigresheni pande zote mbili, weka C. Nikamuuliza, C ni nini? Akasema ni herufi ya kuweka mwishoni. Mama alikuwa amemwekea chai. Nikamwambia aiangalie. Ikiwa ya moto sana inapoa haraka. Inavyokaribia joto la chumbani inapoa polepole, mpaka unachoka kusubiri. Kasi ya kupoa inategemea tofauti ya joto kati ya chai na chumba. Akaandika sentensi hiyo kwa alama za hesabu, mstari mmoja, akanyamaza. Halafu akaniuliza: kwa hiyo C naipata kwa kujua chai ilianza na joto gani? Ndiyo. Alikunywa chai baridi asubuhi ile, lakini tangu hapo hakuwahi tena kuiita C herufi ya kuweka mwishoni.

Huko ndiko ninakokusukuma. Usitafute kumaliza kurasa nyingi. Chukua mada moja uliyoikariri bila kuielewa, ukae nayo mpaka uweze kumweleza mtu wa nyumbani kwa kitu anachokiona.

Vitabu visikuogopeshe. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, wanatoa vitabu vya chuo bure kabisa kwenye intaneti. Kitabu chao cha Calculus kina juzuu tatu, na milinganyo tofautishi inaanza sura ya 4 ya juzuu la pili, imeandikwa kwa mtu anayeanza. Wanacho cha fizikia, cha uchumi, na cha anatomia na fiziolojia. Pakua mara moja ukiwa na bando nzuri, baada ya hapo huhitaji intaneti. Khan Academy nayo ni bure, ila video zinakula bando, kwa hiyo itumie pale unapokwama tu. Kama uko mkoani, ulizia maktaba ya mkoa. Walio Dar wana Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Faida ya maktaba si vitabu peke yake. Nyumbani utatumwa chumvi, maktaba hakuna wa kukutuma.

Nimezungumzia hesabu kwa sababu ndiyo niliyoumia nayo. Anayekwenda udaktari, aanze kuzoea majina ya mifupa, yako 206 kwa mtu mzima, na asome kidogo kidogo kila siku, maana anatomia haimezwi kwa usiku mmoja. Anayekwenda sheria, Katiba ya mwaka 1977 ipo kwa Kiswahili, aisome yote kwa kalamu mkononi, na pale anapoona ibara inarejea ibara nyingine, aifuate. Uchumi, rudi kwenye hesabu hata kama uliichukia, kwa sababu watu wengi wa HGE (historia, jiografia na uchumi) hushtuka wakikuta kalkulasi inawasubiri mwaka wa kwanza.

Kabla ya yote, ingia tovuti ya chuo unachokitaka utafute kitabu cha mwongozo wao. Ndani yake kuna orodha ya kozi za kila programu, semista kwa semista. Soma majina ya kozi za semista ya kwanza. Hapo ndipo utajua ni mashimo yapi ya A-level yana haraka na yapi yanaweza kusubiri.

Kuna jambo la lugha ambalo watu wanaona aibu kulisema. Sekondari tumesoma kwa Kiingereza, lakini tuseme kweli, mwalimu mzuri alikuwa anaandika kwa Kiingereza na kueleza kwa Kiswahili. Na notsi tuliandikiwa ubaoni, tunanakili. Chuoni mhadhiri anaongea, wewe unaamua cha kuandika. Mimi sikujua kusikiliza na kuandika kwa pamoja. Ndiyo maana ya ule mshale. Ujuzi huu unajifunza nyumbani bila shilingi. Washa redio inayotangaza kwa Kiingereza, sikiliza kipindi cha dakika kumi na tano bila kusimamisha, andika hoja tu, kisha funga na ujieleze kwa sauti kilichosemwa. Siku za mwanzo utapata mistari miwili. Mdogo wangu alifanya hivyo kwenye redio ya baba, na siku za ibada alifanya vilevile kwa Kiswahili, maana mkono unajifunza kasi ileile. Alipofika chuo, wenzake ndio walikuwa wanamwomba notsi.

Kompyuta nayo. Usikimbilie kununua mpya kabla ya kujua kozi yako inataka nini. Lakini usifike chuoni hujawahi kuandika ukurasa mmoja kwa vidole vyako. Nenda steshenari ya mtaani, omba uwe unasaidia saa mbili kwa siku bila malipo, ukichapa barua za watu na kupanga majedwali kwenye Excel. Wengi watakubali. Ukitoka hapo na uwezo wa kuandika ripoti, kuweka jedwali na namba za kurasa, na kutuma barua pepe yenye salamu na kichwa cha habari, umewatangulia wengi.

Sasa makaratasi, na hapa nakuomba usizembee. Matokeo hutoka Julai. Tangu 2017 maombi yanapelekwa moja kwa moja chuoni, na ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja unatakiwa kuthibitisha kimoja. Mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo kwa mfumo wao, na cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa kwanza RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Jambo la kufanya wiki hii, hata matokeo hayajatoka, ni kupanga mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho chako cha NIDA kama unacho, kisha usome jina lako herufi kwa herufi kwenye kila kimoja. Cha kwangu cha kuzaliwa kilipungua herufi moja. Iligunduliwa Agosti, nikazunguka kwa wakili na ofisi tatu huku siku za dirisha la mkopo zikiyeyuka. Ningeiona Mei, ingekuwa kazi ya siku chache. Sahihi za mdhamini na za mtendaji wa mtaa zitafute mapema vilevile. Na fomu jaza mwenyewe. Ukimwachia mtu wa kulipwa akujazie, kaa pembeni yake, namba ya simu na nywila ziwe zako. Namjua kijana ambaye ujumbe wa kuthibitisha chuo ulikwenda kwenye simu ya aliyemjazia, na huyo hakupatikana tena.

Kama umeitwa JKT kwa mujibu wa sheria, muda wako ni mwingine. Wanaripoti mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, wanakaa kama miezi mitatu. Kambini usitegemee kusoma. Kabla hujaondoka mwachie mzazi au ndugu unayemwamini nakala za vyeti vyako na maelekezo yaliyoandikwa, na ukirudi chukua mada moja tu nyekundu, ile inayohitajika semista ya kwanza.

Kwa wazazi mnaosoma hapa: kijana akae nyumbani, asaidie, auze duka, alime. Ila mpeni saa mbili zake ambazo hatatumwa. Na mkiweza, mwekeeni hela ya chakula ya mwezi wa kwanza, kwa sababu bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, linaweza kuchelewa wiki kadhaa, na mtoto mwenye njaa hasikii mhadhara. Mimi mwezi wangu wa kwanza nilikula mchana peke yake, na sina shaka zile alama 4 zilikuwa na njaa ndani yake.

Wiki mbili za kwanza baada ya mtihani, lala. Kweli, lala, tembelea bibi, fua nguo zako za bweni. Wiki ya tatu toa muhtasari na kalamu nyekundu.

Binti wa mama mdogo amemaliza mwaka huu. Juzi usiku amenitumia picha ya ukurasa wa kwanza wa daftari lake, swali la milinganyo tofautishi, mistari kumi na miwili. Mstari wa tano amepoteza alama ya kutoa, na jibu lake linaonyesha chai inayozidi kupata moto ikiwa mezani. Sikumwambia kosa liko wapi. Nimemwandikia tu: soma jibu lako tena, halafu uniambie hiyo chai imepatwa na nini.