Je, padri wa jeshi hubeba bunduki?

SWALI: Padri, shikamoo. Mwanangu yuko seminari. Likizo hii ametuambia kwamba akishapata daraja la upadri ataomba kuhudumu jeshini. Tangu hapo silali. Mimi nilimtoa kwa Mungu, sikumtoa vitani. Atapewa bunduki? – Mama Stela, Likoni

JIBU: Marahaba, Mama Stela. Bunduki hatapewa. Atavaa kombati na kupigiwa saluti, lakini Mikataba ya Geneva ya 1949, yaani sheria za kimataifa za vita, haimhesabu padri kuwa mpiganaji. Hata akikamatwa si mfungwa wa vita. Atazuiliwa tu ikiwa wafungwa wanamhitaji. Na hawezi kujipeleka mwenyewe: lazima askofu wake amruhusu.

Hatari ipo, sikufichi. Padri Emil Kapaun, Mmarekani wa Kansas, alikuwa Unsan, Korea, Novemba 1950. Wenzake waliporudi nyuma, yeye alibaki na majeruhi. Akamkuta askari wa adui amemwelekezea bunduki majeruhi mmoja aliyelala chini. Padri aliusukuma mtutu pembeni kwa mkono, akamwinua yule mtu, akambeba. Alitekwa. Kambini aliiba chakula akawapa wafungwa wenzake wenye njaa, akagongagonga mabati yakawa vyombo vya kuchemshia maji. Alifia humo Mei 1951, ana miaka 35. Mifupa yake ilitambuliwa 2021.

Mimi nilikaa na wanamaji Mtongwe miaka tisa. Mfukoni nilikuwa na stola, kile kitambaa cha shingoni cha padri, na kichupa cha mafuta ya wagonjwa, basi. Vijana walinijia usiku kuamkia safari, wengine si Wakatoliki, wakataka tu mtu wa kukaa naye. Hayo niliyaweza. Kilichonielemea ni kubisha hodi. Jioni moja mke wa baharia alinifungulia akiwa na mwiko mkononi. Kuniona mimi na afisa nyuma yangu, mwiko ukamponyoka kabla sijatamka neno. Nilizima jiko mimi. Nikamshika mtoto mimi. Nilikaa pale mpaka dada zake walipovuka feri, saa nne usiku, na katika muda wote huo sikupata sentensi moja ya kumwambia.

Kwa hiyo, mama, suala la bunduki liache. Mwulize mwanao kama ataweza kukaa hivyo, kimya, bila kukimbilia mahubiri. Likizo ijayo mlete kwangu. Nitamsimulia usiku ule wote, hata yale ambayo sijakuandikia hapa.