Kutuzwa na Kulipwa: Tofauti ya Wacheza Ngoma

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kijana wa kikundi cha ngoma cha mtaani hapa Morogoro. Tunacheza Sindimba na Bugobogobo, ile ngoma ya majembe ya Wasukuma, katika harusi na mikutano ya hadhara, na watu hututuza vizuri. Wapo wanaosema kwamba nimekwisha kuwa mchezaji wa kulipwa, na wapo wanaosema kuwa ningali wa ridhaa kwa sababu sikusoma chuo. Ni kipi hasa kinachotutofautisha?

JIBU: Ndugu msomaji, kutuzwa si kulipwa. Tuzo hutegemea furaha ya watazamaji wa siku hiyo, ilhali mchezaji wa kulipwa amefunga makubaliano kabla ya kupanda jukwaani, naye hana budi kuyatimiza hata jioni ambayo magoti yanauma na ukumbini wameketi watu kumi tu. Kwa maoni yangu, tofauti kubwa iko hapo, wala haiko katika uhodari wa kiuno. Nimewaona vijana wa mitaani wenye vipaji vya kushangaza, lakini ukiwaomba waurudie mchezo wa asubuhi, mistari inapinda, jembe la Bugobogobo linarushwa nje ya mdundo, na kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze.

Kuhusu chuo, cheti peke yake hakimfanyi mtu kuwa mchezaji wa kulipwa. Hata hivyo, Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), huwapa wanafunzi jambo ambalo mtaani ni nadra kulipata, yaani kujifunza ngoma za makabila yasiyo yao chini ya mwalimu anayesahihisha hatua moja mpaka ikae sawa, na kuupasha mwili moto kabla ya mazoezi ili usiumie.

Nakuomba pia usilidharau neno ridhaa. Wamakonde waliicheza Sindimba katika shughuli zao za jando na unyago bila kudai ujira, na kwao ndiko wachezaji wa jukwaani walikoichukua. Kilichobadilika ni kazi inayofanywa na ngoma hiyo: kijijini watu huzunguka ngoma, mtu huingia na kutoka apendavyo hadi usiku wa manane, lakini jukwaani mchezo hufupishwa kuwa wa dakika chache, watazamaji wako upande mmoja, na kila anayeingia anajua ni mdundo upi utakaomtoa. Anayeimudu kazi hiyo ya pili bila kuisahau ile ya kwanza ndiye ninayemheshimu zaidi.

Basi jipimeni ninyi wenyewe. Chezeni Sindimba yenu mara tatu kwa siku moja, ya mwisho mkiwa mmechoka, huku mpiga ngoma akibadilisha mdundo bila kuwaarifu, na mtu asiye wa kikundi aandike kila mahali mlipoachana.