Operesheni ya kupunguza unene: majibu kwa wasomaji wa Tanga

*Shikamoo daktari. Nina kilo 92, urefu mita 1.6. Nastahili? – Mama wa Makorora*

Marahaba. Zidisha 1.6 kwa 1.6, upate 2.56, gawa kilo zako kwa hiyo, inakuja karibu 36. Tangu 1991 kipimo cha kustahili kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha: 35 inatosha hata kama huna ugonjwa mwingine. Kwa hiyo umo, ila kwanza upimwe moyo na sukari.

*Wanakata nini hasa? – Kijana, Ngamiani*

Inayofanywa zaidi duniani sasa ni kukata karibu robo tatu ya mfuko wa chakula, kinabaki kibomba chembamba mfano wa ndizi. Kipande kinachotolewa ndicho kinachotengeneza homoni ya njaa kwa wingi. Ule mkanda unaowekwa ndani kwa upasuaji kubana mfuko wa chakula umepitwa; wengi walirudi kuutoa.

*Na puto? – Bwana wa Chumbageni*

Si upasuaji. Linawekwa ndani ya tumbo kupitia mdomoni na kwa kawaida hutolewa baada ya miezi sita. Likitoka, njaa nayo inarudi.

*Dada yangu aliunganishwa utumbo huko India. Akinywa juisi ya miwa anatoka jasho, moyo unakwenda mbio, anaharisha. Karogwa? – Msomaji, Pongwe*

Hajarogwa jamani! Utumbo wake umeunganishwa na kifuko kidogo cha juu ya tumbo, kwa hiyo sukari haikai tena tumboni, inaporomokea kwenye utumbo kwa mpigo na kuvuta maji. Kashata na visheti vitamfanya vivyo hivyo. Aanze na samaki au maharage, atafune taratibu, maji anywe baadaye, si pamoja na chakula. Ila mimi ningemuuliza kwanza habari ya vidonge vyake. Vitamini B12 na madini ya chuma ni vya maisha, na watu huviacha pale tu gauni la harusi linapowakaa vizuri. Akianza kuhisi ganzi miguuni, awahi hospitali.

*Sindano za kupunguza mwili je? – Binti, Raskazone*

Za semaglutide zinasaidia kweli, lakini ukiacha, kilo nyingi hurudi. Na usinunue kwa mtu wa begi. Dawa hiyo kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye friji, na begi lile limeshinda juani mpakani Horohoro.