Usihamishe namba za laptop kwenda Raspberry Pi

Waandishi wengi wa programu Arusha na Moshi hufanyia kazi kwenye laptop za mtumba zenye prosesa ya Intel, kisha programu inapelekwa kwenye Raspberry Pi, tuseme ya kupima unyevu wa udongo kwenye shamba la kahawa Kibosho. Kwa C ya kawaida hutaona tatizo, kwa sababu maktaba ya C ndiyo inayozungumza na kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, kwa niaba yako. Ukiandika asembli, yaani amri za prosesa moja kwa moja, mambo yanabadilika.

Linux kwenye x86-64 (prosesa za Intel na AMD za biti 64) inataka namba ya wito wa mfumo, yaani ombi la programu kwa kerneli, ikae kwenye rejista (nafasi ndogo ya kuhifadhi ndani ya prosesa) ya rax, hoja zikae rdi, rsi, rdx, r10, r8 na r9, halafu amri ya syscall. ARM ya biti 64 (ARM64), iliyo kwenye Raspberry Pi, inataka namba kwenye x8, hoja x0 hadi x5, na amri svc #0. RISC-V, aina nyingine ya prosesa, inatumia a7, a0 hadi a5, na ecall. Rejista huzoeleka upesi. Namba ndizo zinazoponza. Kwenye x86-64 write (kuandika au kuchapisha) ni 1 na exit (kufunga programu) ni 60. Kwenye ARM64 na RISC-V ni 64 na 93. Ukipeleka 1 kwenye ARM64 umeita io_destroy, wito mwingine kabisa, inayorudisha kosa bila kuchapisha chochote. Ukipeleka 60 umeita quotactl, ya kusimamia mgawo wa diski, kwa hiyo programu haifungi. Inaendelea kutekeleza chochote kilichofuata kwenye kumbukumbu mpaka ianguke. Watu hutafuta kosa pale ilipoangukia, kumbe liko mistari kadhaa juu. Zaidi ya hapo, ARM64 haina kabisa open (kufungua faili) wala fork (kuunda mchakato mpya): tumia openat, namba 56, na clone, namba 220.

Kabla ya kuandika lolote, pima bodi yenyewe. Usiamini uname -m peke yake, maana inaeleza kerneli tu, na Raspberry Pi inaweza kuwa na kerneli ya biti 64 huku programu zote zikiwa za biti 32. Endesha getconf LONG_BIT. Ikijibu 32, namba inakwenda r7, write ni 4 na exit ni 1.

Upande wa Intel kuna mitego miwili. Wa kwanza ni int 0x80, amri ya kale ya kuita kerneli, inayofundishwa na miongozo ya zamani. Ndani ya programu ya biti 64 bado inafanya kazi, ila inasoma jedwali la biti 32 na kukata anwani zibaki biti 32. Maandishi yaliyo kwenye eneo la data chini ya GB 4 yatachapishwa vizuri, nawe utadhani umepatia. Ukituma anwani ya staki (kumbukumbu ya muda ya programu) unapata -14, yaani EFAULT, kosa la anwani mbaya. Wa pili ni rcx. Amri ya syscall huhifadhi humo anwani ya kurudia, na bendera (alama za hali ya prosesa) huzihifadhi r11, ndiyo maana hoja ya nne iko r10. Kaunta ya kitanzi usiiweke rcx. Ukichanganya asembli ndani ya C, mtajie kompaila kwamba rcx, r11 na memory zinaharibika.

Anayeandika kerneli yake ana kazi nyingine. Kwenye x86-64 syscall haibadilishi staki: unaingia kwenye anwani iliyo katika rejista ya LSTAR ukiwa bado na rsp (rejista ya staki) ya mtumiaji, kwa hiyo swapgs (amri ya kufikia data ya kerneli) kwanza, kisha badili staki, ndipo usukume chochote. ARM64 inahamia SP_EL1, staki ya kerneli, yenyewe, na ELR_EL1, rejista ya anwani ya kurudia, tayari inaonyesha amri inayofuata svc. RISC-V haikusaidii hivyo: sepc, rejista yake ya anwani ya kurudia, inabaki kwenye ecall ileile, na usipoiongezea 4 wito utajirudia bila kikomo.

Huhitaji kununua bodi ili kujaribu. Kwenye Ubuntu sakinisha gcc-aarch64-linux-gnu (kompaila ya ARM64) na qemu-user (inayoiga prosesa nyingine), kompaili kwa -static, kisha endesha qemu-aarch64 -strace ./jaribio. Kila wito utaonekana kwa jina na jibu lake. Kwenye laptop yenyewe strace, inayoonyesha wito wa programu, inatosha, ila clock_gettime (kusoma saa) kwa kawaida haitatokea, kwa kuwa vDSO, msimbo ambao kerneli huuweka ndani ya programu, huijibu bila kuingia kwenye kerneli.

Kichujio cha seccomp, kinachoruhusu au kuzuia wito, nacho kisome arch (aina ya prosesa) kwanza, ndipo nr (namba ya wito). La sivyo, namba 1 uliyoiruhusu ukidhani ni write itakuwa exit kwa anayeingia kupitia int 0x80.